Kipande Kisicho na Mwenyewe

Kwetu Tetu,
Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Muthoni mwanangu,

Mama yako yuko shambani anachuma chai na wewe uko Nyeri mjini unasukwa nywele, kwa hiyo nyumba ni yangu peke yangu mpaka saa kumi na moja hivi. Nimeketi kwenye meza uliyofanyia hesabu tangu darasa la nne. Usishangae kuona wino mwekundu. Kalamu za buluu umezifungasha zote, nimebakiwa na hii ya kusahihishia.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa nyumbani tunazungumza Kikuyu. Hii ndiyo lugha niliyoifundisha miaka ishirini na sita, na nikiwa ndani yake naweza kujisimamisha mbele ya darasa kama mtoto aliyefanya kosa. Kwa Kikuyu ningeanza kukuita maitu, yaani mama, maana umerithi jina la mama yangu, na haya niliyo nayo singethubutu kumwambia mama yangu.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutafuta kanisa na ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako ameshakuambia mara tatu, na leo jioni ataongeza ya nne. Mimi nayaruka. Kesho unaenda Naro Moru kusimamia mradi wa maji. Mimi niliwahi kusimamia mradi wa maji hapa kwetu, ukanishinda. Wiki mbili zilizopita uliniuliza kwa nini ulinishinda. Nilichukua ndoo nikaenda kukamua ng'ombe saa nane mchana, na ng'ombe mwenyewe alinishangaa. Leo nataka kukujibu.

Lakini kwanza Jumapili. Watu walikuja kukuombea safari, tukanywa chai, ukasimama kushukuru. Ulimshukuru Mungu, sawa. Kisha ukamtaja jirani wa ng'ambo unayemwita shangazi, ukasema, “Wa pili ni Tata Nyawira, because hii kazi naenda kufanya, ni yeye alinifunza.” Akafuata mama yako. Akafuata mwalimu mkuu wako wa sekondari. Mimi nilikuwa wa tano, Muthoni. Nilihesabu. Kisha nikapiga makofi kuliko watu wote, mpaka jirani yetu Gachanja akageuka kunitazama.

Nina wivu. Wiki hii yote nimejaribu kuupa jina lingine, mara uchovu, mara umri, mara tumbo, na kila jina limekataa. Namwonea Nyawira wivu kwa sababu ya maji yake, na kwa sababu ya jiko lake ulikokaa jioni nyingi kuliko ulizokaa hapa na mimi. Na kwa kuwa nimeshaanza, acha niseme lote: nakuonea wivu na wewe. Unaanza kazi niliyoiharibu mimi, ukiwa na miaka ishirini na miwili, na tayari unayajua mambo niliyoyajua nikiwa nimechelewa.

Ile kazi uliyoandikia chuo, ya kulinganisha miradi miwili ya maji, niliisoma bila ruhusa yako. Uliiacha kitandani ukaenda kufua. Mgongo wa kilima anakokaa Nyawira, ule ulio ng'ambo ya kijito, una kurasa kumi na moja. Mgongo wetu una nusu ukurasa, nao unaanza kwa kusema kwamba mradi wa pili haukukamilika kwa sababu ya uongozi. Nilichukua kalamu hii nyekundu nikatafuta kosa la kusahihisha. Sikupata hata moja. Nilikasirika siku mbili, na mama yako akadhani ni meno.

Sasa nusu ukurasa ule naujazia mwenyewe.

Ulikuwa kidato cha tatu tulipoanza, mwaka mmoja kabla ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, wakati kila mwanasiasa aliyepita hapa alituahidi paipu. Tukaona tusingoje mtu, tujivutie maji wenyewe kutoka kwenye chemchemi iliyo juu msituni, yateremke yenyewe mpaka kwetu. Nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu nilikuwa mwalimu na nilikuwa na koti. Nilifurahi sana. Hujawahi kuniona nikifurahi namna ile, maana nilikuwa nikingoja uingie chumbani kwako ndipo nijizoeze hotuba.

Nilichukua kamba ya katani ya hatua thelathini, nikapima kando ya barabara kutoka geti hadi geti. Kila boma lilipata kipande chake cha mtaro, mbele ya geti lake. Niliona nimetenda haki tupu. Watu walichimba kwa raha, unakumbuka, na kila mmoja alitaka jirani apite aone mtaro wake ulivyonyooka. Gachanja alisawazisha kingo za kipande chake kwa panga, utadhani anajenga chumba cha kulala. Wiki ya tatu mgongo mzima ulikuwa umechimbwa, kuanzia geti la kwanza hadi la mwisho.

Kilichobaki ni kutoka geti la kwanza kwenda juu, kupita ukingo wa msitu, kuingia ndani mpaka kwenye chemchemi. Mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nikaitisha mkutano, na Gachanja akainua mkono.

“Mwalimu, mimi nilimaliza yangu. Sasa hiyo ya msitu ni ya nani?”

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nilisema ni ya sisi sote. Tukaigawa kwa karatasi, majina na tarehe, karatasi safi kabisa. Siku ya kwanza tulikwenda watu tisa. Ya pili wanne. Ya tatu tulikuwa mimi na mzee mmoja ambaye alikuwa amekuja kutafuta fito za boma lake.

Nilikuwa na haki ya kuwakasirikia, au ndivyo nilivyodhani. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitaja mkutanoni, na mimi nililijua. Bibi yako Muthoni, na kila mwanamke wa rika lake, walichimbishwa handaki refu ukingoni mwa msitu ule wakati wa Hali ya Hatari, askari wa mkoloni wakiwasimamia, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasifikiwe na chakula. Mahali pengine alama yake bado iko. Sisi wa umri wangu tulilishwa na mikono iliyotoka huko ikiwa na malengelenge. Kumwambia mtu wa huku kwamba kamati imeamua akachimbe msituni ni neno la kufikiriwa kabla halijatoka mdomoni. Mimi sikulifikiria. Niliiandika kwenye ajenda, namba tatu, kati ya maombi ya kupanda nyasi na mengineyo.

Mvua ndefu zikaja. Mitaro ikajaa maji, kingo zikabomoka, ndama wa mtu akatumbukia akavunjika mguu. Watu wa hapa hawaachi mahali pana maji bure, kwa hiyo wakapanda nduma, magimbi kwa Kiswahili cha vitabuni. Mwaka uliofuata Gachanja alikuwa anavuna nduma kwenye mradi wa maji, tena kubwa, na alituletea kikapu. Tulikula. Wewe ulizisifu.

Sasa Nyawira. Ni lazima nimweleze sawasawa, ingawa mkono unakataa.

Alikuja hapa kabla sijakata ile kamba. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa kwa sababu alikuwa ameacha kabichi zake barabarani zikingoja gari la soko. Aliniambia, “Mwalimu, anzia huko juu, kwa ile haina mwenyewe. Hizi za kwa geti watachimba tu, hata bila kuambiwa. Si unakumbuka ile dip ya ng'ombe? Kila mtu alileta mawe yake, lakini ile mtaro ya kutoa maji chafu hakuna mtu alichimba, mpaka dip ikafungwa.”

Nilikumbuka. Nilikuwa karani wa josho lile. Mimi mwenyewe niliandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba siku nyingine kazi isiyo na mwenyewe ifanywe kwanza. Iko kwenye daftari la josho mpaka leo. Nyawira aliishia darasa la sita, hakuwahi kuliona daftari hilo, lakini alikuwa amelibeba jambo lenyewe kichwani miaka yote hiyo mpaka siku ya kulitumia ikafika. Mimi nilikuwa nimeliandika, kwa hiyo nikaona nimemalizana nalo. Nilimshukuru kwa sauti ile ninayowapa wazazi wanaokuja shuleni kunieleza namna ya kufundisha. Akaenda kuangalia kabichi zake. Nikakata kamba.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata wao wakaanza, kule ng'ambo. Aliweka amri moja tu: hakuna kugusa udongo wa mbele ya geti lako mpaka maji yafike ukingoni mwa msitu. Na hakuamuru mtu kwenda msituni. Alikwenda yeye, na wanawake wa kikundi chake cha kanisa, wale waliokuwa wasichana wakati wa handaki. Nasikia siku ya kwanza waliketi tu pale ukingoni, wakaongea asubuhi nzima, wengine wakalia. Ya pili wakachimba. Wanaume wao walivumilia wiki moja, kisha wakaona aibu, wakaenda. Mimi nilikuwa nawaona kutoka dirisha la darasa la saba, wakipanda na majembe, na siku hizo watoto wangu walipata alama mbaya bila kosa.

Na ile desturi yake ya uji, ambayo umeijazia kurasa tatu. Kila jioni kabla ya kugawa uji aliuliza, “Leo nini imetushinda?” Kila mtu aliyekuwa na neno alilitoa, na kesho yake jambo moja lilibadilishwa. Siku moja yalikuwa majembe mazito kwa wasichana. Siku nyingine watu wa chini ya mgongo walikuwa wakifika wamechoka, wakaruhusiwa kuanza saa tatu. Ulinisimulia hayo ukiwa umejaa furaha, macho yakikung'aa, nikakuuliza kama umewapa kuku maji. Samahani kwa hilo.

Nenda ukalinganishe na daftari langu la mikutano. Nililiangalia jana. Mikutano kumi na minne, na kumi na mmoja kati yake imeandikwa neno hili hili: kazi inaendelea vizuri. Mitaro ilikuwa na nduma, Muthoni, na mimi naandika kazi inaendelea vizuri. Sikuwa namdanganya mtu wa serikali wala mfadhili, maana hakuwapo. Nilikuwa najiandikia mimi, mwenye koti.

Ukifika Naro Moru usije ukaniiga hapo. Siku jambo likikushinda, liulize siku hiyo hiyo, mbele ya watu waliokuwapo, wakiwa bado wana udongo miguuni. Mimi niliandika mafunzo yote ya mradi wetu baada ya kufa kwake, kurasa sita, nikazifungia kabatini. Hayakumsaidia mtu. Na ukimsikia mtu anauliza ile ya msitu ni ya nani, usicheke naye kama mimi. Gachanja hakuwa anatania, alikuwa ananionyesha mahali pakavu kwenye mpango wangu, na mimi nikaona ni kichekesho cha mkutano. Watu wetu wengi hukupa habari mbaya wakiwa wanacheka, ili usione aibu.

Maji ya Nyawira yalifika mwezi wa Desemba. Nyumba yetu iko pale ilipo, na usiku ukiwa mtulivu tulisikia mfereji wao ukimwagika ndani ya mtungi, ng'ambo ya bonde. Nilianza kulala na redio. Kiangazi kikaja, bustani yake ikabaki kijani peke yake kama kiraka kipya kwenye suruali kuukuu. Siku paipu yao ilipopasuka pale darajani, nilikwenda kutazama pamoja na watu wengine, nikatikisa kichwa kwa huruma, kisha nikapitia hotelini nikala nyama. Ilikuwa Jumatano. Huwa sili nyama Jumatano. Waliitengeneza kesho yake kabla ya saa nne, nami nikajisikia mgonjwa kweli.

Hayo ni ya kuchekesha, na ninayaandika haraka ili nifike kwenye lile lisilochekesha.

Wewe uliniomba daftari la mikutano la mradi wetu. Ulisema, “Baba, nipatie tu ile book, sitaiharibu. Nataka nione mahali ilienda vibaya.” Nilikuambia panya wameila. Hakuna panya. Daftari liko chini ya godoro langu, na ndani ya jalada lake kuna barua. Sikukupa kwa sababu ya barua hiyo.

Ni barua ya Nyawira, imeandikwa na mwanawe, ilinifikia mimi kama mwenyekiti mwezi wa Februari, miezi miwili baada ya maji yao kufika. Wanasema paipu yao ya msituni ni pana kuliko wanavyohitaji. Wanasema sisi tunaweza kuunganisha tawi letu pale ukingoni mwa msitu, mahali migongo miwili inapokutana, tukachimba kutoka hapo tu hadi geti la kwanza. Hatua mia tatu hivi. Sharti lilikuwa moja: tuwe wanachama wa mradi wao, chini ya kamati moja, na sisi tupate viti vitatu.

Viti vitatu, Muthoni. Na mwenyekiti awe Nyawira.

Niliisoma nikiwa ofisini shuleni, nikaisoma tena njiani. Hatua mia tatu tungezichimba kwa siku mbili. Hata Gachanja angeng'oa nduma zake. Nilichokiona mimi ni watu wakifungua mifereji yao na kusema ni Nyawira ametuletea maji, na mimi nikiwa nimeketi kwenye mojawapo ya viti vile vitatu nikiinua mkono nipewe ruhusa ya kuongea. Niliiweka ndani ya jalada. Mkutano uliofuata niliufungua kwa maombi, nikaufunga kwa maombi, na katikati niliandika kwamba hapakuwa na barua zozote zilizopokelewa.

Hilo lilikuwa Februari. Aprili mama yako alianguka.

Unaijua njia ya kwenda kijitoni mvua ikinyesha, ule mteremko wa udongo mwekundu chini ya kahawa. Unajua jinsi tulivyomkuta, kamba ya mtungi bado iko kwenye paji la uso wake na mkono wa kulia umejikunja chini yake. Unajua ulivyoungwa vibaya, ndiyo sababu anachumia chai mkono wa kushoto. Mwaka huo ulikuwa nyumbani ukingoja chuo, na wewe ndiye uliyebeba maji badala yake, safari tatu kwa siku, na sikukusikia ukilalamika hata mara moja. Jioni moja ulirudi umelowa, ukatua mtungi, ukaniambia, “Baba, hii maji ya kwenu itakuja lini?” Nikasema kamati inashughulikia. Barua ilikuwa ndani ya nyumba hii hii.

Miaka mitatu nimekuwa nikisema mradi ulishindwa kwa sababu watu hawakwenda msituni. Ni kweli kwamba ulishindwa hapo mara ya kwanza. Mara ya pili niliushinda mimi, peke yangu, nikiwa najua ninachofanya. Makosa ya kamba na vipande ni ya mtu asiyejua, na ya namna hiyo utafanya mengi huko, usiogope. Hili la pili nakuandikia kwa sababu halitakujia likiwa na sura ya kosa. Litakujia likiwa na sura ya heshima yako. Atatokea mtu aliyesoma kidogo kuliko wewe, au jirani, au mama fulani wa kuuza viazi, na jibu litakuwa mkononi mwake, na utasikia ndani yako kitu kinakaza. Mimi ninapokisikia sasa ndipo najua kwamba mtu huyo ana jambo la kunifunza. Sijaweza kukiondoa. Hata Jumapili kilikuwapo.

Sijui kama Nyawira aliwahi kukuambia juu ya barua. Kwa wiki mbili hizi nilikuwa nakutazama usoni kuona kama unajua, na ndiyo sababu nilikuwa mkali. Leo asubuhi nimekwenda kumwuliza. Nilivuka kijito, nikapanda upande wao, mara ya kwanza tangu mazishi ya mumewe. Alikuwa anamnywesha ndama.

“Hapana, sikumwambia,” alisema. “Ningemwambia nini, Mwalimu? Wewe ni baba yake.”

Alidhani kamati yetu nzima ilikaa ikakataa. Nilipomweleza kwamba hakuna mtu mwingine aliyeiona barua yake, aliacha ndama, akajifuta mikono. Nikamwuliza kama nafasi ile bado iko. Akasema hapana, waliwapa watu wa chini mwaka jana, na maji ya kiangazi sasa yanawatosha wao tu kwa shida. “Hiyo ilipita,” akasema. Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya, ningejua la kujibu. Aliponisindikiza getini aliongeza kwamba tukitaka kujichimbia ya msituni wenyewe, atakuja atuonyeshe walikopita wao. Nilishukuru, na safari hii bila ile sauti.

Mama yako nilimwambia jana, tukiwa kwenye chai, mistari miwili ya miche ikiwa kati yetu. Hakuacha kuchuma. Alikwenda mpaka mwisho wa mstari wake, akarudi, ndipo akasema, “Muthoni umwambie wewe mwenyewe. Hiyo mimi siwezi kukubebea.” Jioni alinipakulia chakula kama siku zote.

Jumamosi nimeita mkutano wa wanachama wote, pale uwanjani mwa shule. Nitawasomea barua na nitaacha kiti. Watu wawili au watatu hawatanisalimia tena, na mmoja wao ana mke aliyepoteza mimba akipanda mteremko ule wa kijitoni na maji mgongoni, kwa hiyo sitamlaumu. Nitawaomba wachague mtu atakayeanzia msituni. Wewe utakuwa Naro Moru tayari, na nilitaka usiyapate haya kwa watu wa soko. Daftari nakupa leo, pamoja na barua. Ule nusu ukurasa wako uandike upya ukipenda, na uniweke humo kwa jina, usiandike uongozi.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute keshokutwa ukiwa peke yako na mimi nikiwa mbali, huku. Ndivyo wazazi hufanya. Nimeshaficha ya kutosha. Utakaporudi kutoka mjini nitakupa mkononi kabla hatujala, mama yako akiwapo, na nitaketi upande wa pili wa meza mpaka umalize. Sitakuharakisha na sitajitetea. Kama kesho hutaki nikubebee begi hadi barabarani, utaniambia, na nitabaki getini.

Sasa umefika mwisho, Muthoni. Niko hapa mbele yako. Niulize.

Baba yako